Waandishi wenzangu, mnauzaje vitabu vyenu bila kuonekana ving'ang'anizi?

#1 Kalamu Butu
Wakuu, habari za jioni.

Mwezi wa tatu nilitoa riwaya. Nakala 500, kwa fedha yangu mwenyewe, milioni mbili na ushee. Mpaka leo zimetoka 112, na humo 30 nimegawa bure. Zilizobaki ziko chumbani, maboksi yamepangana mpaka usawa wa dirisha. Mke wangu keshayatandika kitambaa cha kufuma na kuweka redio juu.

Kutangaza najua. Shida ni aibu. Nikiweka jalada stetasi najiona kama wale jamaa wa virutubisho. Kwenye grupu la tuliosoma wote sekondari niliweka mara mbili. Mara ya tatu mmoja akajibu "tumeshakiona ndugu" na vile vikatuni vya kucheka. Sijaweka tena. Mimi nimelelewa na bibi, na bibi alikuwa na msemo wake: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila nikitaka kuandika "kitabu changu kipo sokoni" namsikia nyuma ya sikio.

Nyie mnafanyaje?

#2 Kijana wa Buguruni
Kibaya chajitembeza, chako kimejifungia chumbani na kinasikiliza redio. Basi ni kizuri. Hongera.

#3 Afisa Mauzo
Mkuu, heshima zote kwa bibi, ila methali hiyo ilisemwa kijijini ambako kila mtu anamjua nani anafinyanga chungu kisichovuja. Wewe nani anakujua? Nauza viatu Kariakoo mwaka wa 11 huu. Sijaona kiatu kikashuka rafuni kikamfuata mteja mpaka Gerezani. Biashara matangazo. Aibu iache nyumbani, utaikuta ukirudi.

#4 Msomaji Sugu
Ngoja niseme kwa niaba ya wanunuzi, maana nyuzi hizi huwa mnaongea waandishi kwa waandishi.

Kutangaza hakukeri. Kinachokera ni kwamba mnajitangaza nyie, kitabu mnakisahau. Picha: mtu kavaa suti, kakumbatia kitabu kifuani. Maneno: "Haikuwa rahisi, namshukuru Mungu." Sawa, na sisi tunamshukuru. Kitabu kinahusu nini? Hamna. Kinapatikana wapi? "Njoo inboksi." Bei? "Njoo inboksi." Mimi ni mtu mzima, nije inboksi kuulizia bei kama nanunua bangi?

Nanunua vitabu vinne mpaka vitano kwa mwaka. Vyote nilisoma kwanza ukurasa mmoja mahali fulani, nikataka wa pili. Hakuna hata kimoja nilichonunua kwa sababu ya suti.

#5 Mzee Ngalawa
Zamani haya hayakuwapo. Mwandishi kazi yake ilikuwa kuandika, basi. Mtobwa alipomtoa mpelelezi wake Willy Gamba nani alimwona stendi anapiga debe? Tulikuwa tunaazimana mpaka jalada linabaki uzi. Vijana mmegeuka wachuuzi.

#6 Nukta Mkato
Shikamoo mzee. Masahihisho kidogo: Willy Gamba ni wa Elvis Musiba, yule wa *Kufa na Kupona*, 1974. Wa Mtobwa ni Joram Kiango. Halafu Mtobwa umemchagua vibaya kwa hoja yako, maana yeye alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, akachapa vyake na vya wenzake. Mwenye kampuni asipochuuza, kampuni inakula nini?

#7 Mzee Ngalawa
Marahaba. Nimechanganya, nakubali, miwani iko kwa fundi.

Lakini hoja yangu haijafa. Hadithi zilikuwa zikitoka gazetini kipande kwa kipande. Mtu anaachwa pale jambazi kashika kitasa cha mlango, chini imeandikwa "itaendelea". Wiki nzima unamfikiria yule jambazi. Likija gazeti unalipia bila kulalamika. Hilo lilikuwa tangazo, na mwandishi hakuhitaji kumsumbua mtu.

#8 Kijana wa Buguruni
Mzee, miwani inahusikaje na kumbukumbu?

#9 Mama Ushanga
Habari zenu. Naandika kutoka Tanga, na kisa changu kinashabihiana na hicho cha mzee, ila mimi sikukipanga.

Kitabu changu kina kurasa 176. Mchapaji, simtaji, aliniletea mzigo nikausaini bila kufungua maboksi yote. Nyumbani nikakuta nakala 40 zimeishia ukurasa wa 160. Kurasa 16 za mwisho hamna kabisa, ni jalada la nyuma tu. Nikampigia. Njoo wiki ijayo. Nikaenda. Fundi kasafiri. Nikaenda tena mpaka nauli ikazidi thamani ya hizo nakala. Nikalia, nikanyamaza.

Siku moja niko saluni Ngamiani nasukwa, nakala moja mbovu iko kwenye mkoba. Aliyekaa karibu yangu anasukwa rasta, unajua rasta, masaa manne hayo. Akaniomba asome. Nikamwambia kina kasoro, akasema haidhuru. Mimi nimemaliza nimeondoka, yeye kabaki nacho. Saa nne usiku simu inaita: "Dada samahani, mimi wa saluni. Yule mjomba amekufa au hajakufa?" Nikamwambia mjomba yuko ukurasa wa 170. Asubuhi akatuma hela.

Hapo ndipo nilipopata akili. Zile mbovu nikazitoboa pembeni, nikazifunga kwa kamba ya katani, nikazigawa kwenye saluni na vinyozi, moja moja, zimefungwa kwenye kiti. Ndani ya jalada la nyuma nimeandika kwa kalamu: "Kitabu hiki kimekatika. Mwisho wake ninao mimi", na namba ya simu. Kwa miezi mitano nimeuza 63 kwa njia hiyo peke yake. Sijamwambia mtu "nunua" hata siku moja. Wao ndio wanaonisumbua.

Nakala tatu zimeibwa na kamba zake.

#10 Afisa Mauzo
Mama, unafundisha wapi? Nije.

#11 Wakili wa Kibarazani
Mimi sijapenda. Mtu unampa kitabu kilichokatika kusudi alipie mwisho. Tofauti yake na wale wa simulizi za Facebook ni ipi? Unasoma sehemu ya 1 mpaka ya 14 bure, binti yuko ukingoni mwa kisima, halafu "tuma elfu moja kwa namba hii upate ya 15". Ukishatuma, ya 15 ina mistari kumi. Huko ndiko ving'ang'anizi walikozaliwa.

#12 Mama Ushanga
Kaka, kasoro nimeiandika wazi kwenye jalada. Na anayetuma hela anapata kitabu kizima, na ukurasa wa kwanza anaurudia. Wewe hujasukwa rasta, hujui shida ya masaa manne.

#13 Ndege wa Mvua
Mnazunguka. Kalamu Butu tafuta mgeni rasmi, fanya uzinduzi. Mheshimiwa mmoja ananunua nakala ya kwanza laki tano, wengine wanafuata kwa kuoneana haya. Ni kama michango ya harusi tu.

#14 Nukta Mkato
Nilifanya hiyo. Ukumbi, maji, bites na mshereheshaji: milioni moja na laki mbili. Ahadi zilizotangazwa kwa kipaza sauti: milioni tatu na laki nne. Zilizolipwa: laki sita. Mgeni rasmi alituma mwakilishi, mwakilishi akasema salamu za mheshimiwa ziko njiani. Huu mwaka wa tatu ziko njiani.

Ila nilijifunza kitu. Watu 80 walikuja, wakala, wakapiga picha na kitabu, wakakirudisha mezani.

#15 Mkenya wa Rongai
Hamjambo majirani. Mimi nimechapisha mwenyewe, vitabu nabeba kwa buti ya gari. Huku kama kitabu hakimo kwenye orodha ya vitabu teule vya shule, mwandishi ujitegemee. Na tangu VAT ya asilimia 16 iwekewe vitabu mwaka 2013, msomaji kwanza anaangalia bei ya unga.

Kuhusu aibu, nilienda maonyesho ya vitabu ya Nairobi, yale ya Septemba. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya meza nikiita watu, karibu, karibu, tazama. Nikauza nakala mbili. Siku iliyofuata miguu ilikuwa inauma, nikaketi nikala mandazi na chai, sikumtazama mtu. Nikauza tisa. Tangu hapo naamini watu humwogopa muuzaji anayewakazia macho. Ukiwaacha, mkono wenyewe unaenda kwa kitabu.

#16 Afisa Mauzo
@Mkenya wa Rongai hiyo siku ya mandazi ilikuwa siku gani?

#17 Mkenya wa Rongai
Jumamosi.

#18 Afisa Mauzo
Asante. Sina swali lingine.

#19 Mwl. Chaki
Kabla mtu hajamshauri mleta uzi azunguke mashuleni: kwenda shule kwa shule na kitabu kisicho na ithibati ya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, ni kumtafutia mwalimu mkuu matatizo. Kuna mwandishi alikuja kwetu na begi, kijana mstaarabu kabisa. Mkuu alimkaribisha chai, akamsifu, akamsindikiza mpaka getini na begi lake likiwa zito vilevile.

Nimpe wazo jingine. Ajaribu ile tuzo ya uandishi ya Mwalimu Nyerere ya BAKITA, Baraza la Kiswahili. Ukishinda, aliyekutangaza ni mwingine, wewe unaitikia tu. Aibu inatoka wapi?

#20 Nukta Mkato
Mwalimu, tuzo hiyo si ya BAKITA. Ni ya Wizara ya Elimu kupitia TET hiyohiyo uliyoitaja. Ilianzishwa 2022, na washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu. Soma masharti kwanza kuhusu kazi ambayo imeshachapishwa, maana kazi ya mleta uzi imeshachapishwa, iko chini ya redio.

#21 Kijana wa Buguruni
Naomba kuuliza. Tuko post ya 21, tumeshajua jina la Willy Gamba, Joram Kiango, mjomba wa ukurasa wa 170, mpaka mandazi ya Rongai. Kitabu cha mleta uzi kinaitwaje?

#22 Wakili wa Kibarazani
Hukuelewa mchezo. Uzi wenyewe ndio tangazo. Analia aibu, tunamwonea huruma, tukiuliza jina anasema "njoo inboksi".

#23 Kalamu Butu
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Asanteni kwa yote, Mama Ushanga nimekusoma mara mbili.

@Wakili wa Kibarazani ndiyo maana sijataja jina. Nilijua nikitaja tu, mtu ataandika ulichoandika. Sasa sijataja na umeandika.

@Msomaji Sugu suti ninayo kwenye picha. Nimeifuta leo asubuhi.

#24 Msomaji Sugu
Kuna jambo la kujiuliza pia. Hao 82 walionunua, wangapi wamerudi kusema chochote? Maana wengine mnaita aibu kumbe ni woga kwamba kitabu hakijaiva. Mwaka jana nilinunua kimoja, shujaa anaitwa Hamisi, ukurasa wa 60 anaitwa Khamis, wa 90 ni Hassan. Nilidhani ni ndugu watatu. Mwandishi wake alikuwa hana aibu hata chembe, aliweka stetasi kutwa mara tano.

#25 Kalamu Butu
Wamerudi sita. Watano wamesema "kizuri". Mmoja alinipigia saa moja nzima kubishana kuhusu alichofanya mama mkwe kwenye sura ya saba. Huyo simjui, alikiona kwa jirani yake.

#26 Afisa Mauzo
Na huyo ndiye umemwacha aende? Huyo ndiye grupu lako! Achana na wa sekondari, wale walikujua unachapwa viboko, hawatakaa wakusome. Mwambie huyo wa mama mkwe akutajie watu wawili.

Halafu usitegemee ile brodkasti ya WhatsApp. Orodha moja inachukua watu 256, lakini ujumbe unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Jirani yangu wa duka la mapazia alituma mwaka mzima anashangaa kimya. Kumbe alikuwa anaongea na ukoo wake.

#27 Mswahili Muscat
Salaam. Sisi huku tunatamani riwaya za Kiswahili, mtu akitoka Unguja tunamwagiza halua na kitabu, anakumbuka halua. Hakuna mwandishi anayesema ukiwa nje utakipataje. Mimi sijawahi kukerwa na tangazo la kitabu kwa sababu sijawahi kuliona. Hiyo aibu mnayoisema inatuumiza na sisi.

#28 Ndege wa Mvua
Na ndugu? Hakuna aliyegusa ndugu. Shangazi yangu alinipigia: "Nasikia umeandika kitabu, changu kiko wapi?" Nikampa. Wiki ya pili: "Mwenyekiti wetu wa kikundi naye anataka." Nikampa. Ya tatu anataka vinane, na vyote niweke sahihi. Mtu huyohuyo anauza vitenge, na hajawahi kunipa hata leso.

#29 Mama Ushanga
Mwambie: "Shangazi, nitakuletea vinane, na mimi nichagulie vitenge vinane." Cheka unapomwambia.

#30 juma_2003
Wakuu naombeni PDF ya kitabu kinachozungumziwa

#31 Kijana wa Buguruni
Kimefika. Nilikuwa nahesabu, nilidhani utatokea post ya 15.

#32 Nukta Mkato
@juma_2003 kitabu gani? Hata sisi hatukijui.

#33 juma_2003
chochote tu mkuu

#34 Mwl. Chaki
Turudi kwenye mada. Mimi nahisi nimekisoma cha mleta uzi. Si kile chenye jalada la mtumbwi na mwezi mwekundu? Kuna mama mkwe pia mle. Kizuri sana, ile sehemu ya matanga nilicheka mpaka nikapaliwa.

#35 Kalamu Butu
Si changu hicho mwalimu.

#36 Pwani Moja
Ni changu! Jamani asante, nimekuwa nasoma huu uzi kimya tangu jana. Elfu 12, Dar naleta kwa bodaboda, mikoani natuma kwa basi, nauli ya mzigo juu yako. Jina la kitabu na namba viko kwenye wasifu wangu.

#37 Mswahili Muscat
Pwani Moja nimekuandikia. Nataka viwili, kuna mtu anatoka Dar Alhamisi.

#38 Ndege wa Mvua
Na mimi kimoja. Dodoma, basi la asubuhi.

#39 Kijana wa Buguruni
Kalamu Butu umekodisha ukumbi, harusi amefunga mwingine.

#40 Afisa Mauzo
Mnaona? Mtu katokea, kasema bei, kasema jinsi ya kukipata, kauza vitatu kwa dakika 20. Kuna aliyekereka?

#41 Wakili wa Kibarazani
Nimekereka mimi.

#42 Nukta Mkato
Hapana @Afisa Mauzo, hesabu zako zinaruka kitu. Aliyeuza ni Mwl. Chaki, alipopaliwa. Pwani Moja amekuja kupokea hela tu. Angekuja mwenyewe post ya 2 na bei yake tungemfukuza.

#43 Afisa Mauzo
Na Mwl. Chaki alikijuaje? Kuna mahali mtu alikinadi mpaka kikamfikia mwalimu.

#44 Mwl. Chaki
Nilikiokota kwenye basi. Sijui nani alikiacha.

#45 Mzee Ngalawa
Miwani imerudi. Nimesoma uzi wote upya. Mleta uzi, jina lako la kitabu kaa nalo, ila yule msomaji kule #4 alikuomba ukurasa. Tupe hata kipande kama gazetini.

#46 Kalamu Butu
Haya mzee. Ni mwanzo wa sura ya kwanza:

"Kivuko kilipong'oa nanga upande wa Bweni, Zaina alikuwa bado ameshika kandambili moja mkononi. Ya pili ilibaki mlangoni kwa mama mkwe, mahali ambapo lazima wataiona. Abiria mmoja akamwangalia miguu, akaangalia mto, akasogea kumpisha kama mtu anayempisha mgonjwa. Zaina akahesabu mara ya tatu zile noti zilizokuwa kwenye ncha ya khanga. Hazikuwa zake, na mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili, Pangani, anasubiri kivuko hikihiki."

#47 Msomaji Sugu
Halafu?

#48 Mama Ushanga
Kandambili aliiacha kusudi au ilimtoka? Na huyo mwenye hela ni mwanamume au mwanamke? Mimi niko hapa Tanga, nikifuata kwa nani?

#49 Mzee Ngalawa
Kivuko cha Pangani nimekivuka miaka mingi. Hakina nanga ya kung'oa. Kinanyanyua mlango kinaondoka. Rekebisha toleo lijalo.

Endelea lakini.